Jellyfin nyumbani, mafaili winguni: mipangilio inayoendana na mtandao wa Unguja

Jellyfin ni programu inayogeuza kompyuta ya nyumbani kuwa seva ya video kwa runinga na simu za familia, na video zenyewe zinaweza kukaa winguni, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kabla ya kulipia hata terabaiti moja ya wingu, pima laini yako mara mbili: asubuhi baada ya alfajiri, na usiku kati ya saa mbili na saa nne. Namba ya usiku ndiyo ya kufanyia hesabu, kwa sababu ndio wakati nyumba nzima inataka kuangalia na mtaa mzima uko mtandaoni. Video ya 1080p yenye kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde inakula gigabaiti 3.6 kwa saa. Laini ikishuka hadi megabiti 6 usiku, video hiyo itakwama kila baada ya muda, hata ununue seva ya bei gani. Video za 4K zilizobanwa kidogo tu, za megabiti 50 au 60, sahau kabisa kuziangalia moja kwa moja kutoka winguni.

Kwa hiyo mpango unaofaa hapa kwetu ni huu: vinavyoangaliwa mara kwa mara vikae kwenye diski ya nyumbani, na wingu lishike nakala ya kila kitu pamoja na yale mafaili makubwa yanayofunguliwa mara moja kwa mwaka. Kuna sababu nyengine ya kutotegemea wingu kwa kila usiku. Mawasiliano yetu yanavuka bahari hadi Dar es Salaam kabla ya kuingia kwenye nyaya za kimataifa kama SEACOM na EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania nzima ikalia. Aliyekuwa na diski ndani aliendelea kuangalia kama kawaida.

Vifaa

Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 inatosha. Inatumia wati 10 hadi 15 ikifanya kazi ya kawaida, na ina Quick Sync, yaani sehemu ya prosesa inayobadilisha video papo hapo bila kuitesa mashine. Weka SSD ya gigabaiti 500 kwa mfumo na kache (akiba ya muda ya vilivyoshushwa), na diski ya terabaiti 4 kwa mafaili ya nyumbani. Usiiweke dirishani linalotazama pwani, hata kama ndipo penye upepo: hewa ya chumvi inakula matundu ya USB na HDMI taratibu, na kutu ya ndani huioni mpaka diski ianze kujikata yenyewe.

UPS, yaani betri ya akiba, ni lazima, si anasa. Ile ya VA 650 yenye betri ya volti 12 na Ah 7 ina nguvu ya Wh 84 kwenye karatasi. Kwa mzigo wa wati 30, yaani seva, ruta na kile kisanduku cha faiba, tarajia kama saa moja betri ikiwa mpya, na pungufu zaidi baada ya miaka miwili ya joto letu. Iunganishe na seva kwa waya wa USB na uweke programu ya NUT, izime mashine kwa adabu betri inapokaribia kwisha. Hifadhidata ya Jellyfin ni SQLite, na umeme kukatika katikati ya uandishi ndiko kunakoiharibu. Kwa sababu hiyo hiyo, folda ya /var/lib/jellyfin ibaki kwenye SSD siku zote. Kuiweka kwenye folda iliyounganishwa na wingu ni kutafuta balaa.

Wingu gani

Google Drive inatosha kwa wengi, ila ina mambo mawili ya kujua mapema. Kwanza, tengeneza kitambulisho chako cha API, yaani cha kuitambulisha programu kwa Google, badala ya kutumia kile cha pamoja kinachokuja na rclone (programu ya kupakia na kushusha mafaili ya winguni), maana cha pamoja kinabanwa na watumiaji wa dunia nzima. Pili, ukishakitengeneza usiiache programu yako kwenye hali ya majaribio: ruhusa inakwisha baada ya siku 7, seva inanyamaza, na unaanza kulaumu mtandao bure. Ichapishe rasmi pale pale ulipotengeneza kitambulisho.

Anayetaka kulipa kwa kiasi anachotumia aangalie Backblaze B2. Bei iliyotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi, na kushusha data ni bure hadi mara 3 ya kiasi ulichohifadhi. Wasabi nao ni wazuri, lakini wanatoza angalau terabaiti 1, na faili ukilifuta kabla ya siku 90 unalilipia vile vile. Zile hifadhi za bei ya kutupa zinazoitwa Glacier si za kazi hii. Baadhi yake faili unaliomba leo na linakuwa tayari baada ya masaa.

Kupakia ndiko kunakochosha

Terabaiti 1 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 ni siku 9 na zaidi bila kusimama. Kwa megabiti 5 ni kama siku 18 na nusu. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na mara nyingi si kwa sababu ya kasi bali kwa sababu ya ukubwa wa mafaili. Rclone ikizimika katikati ya faili, faili hilo linaanza upya kutoka mwanzo. Video ya harusi ya gigabaiti 40 kwenye laini ya megabiti 10 inahitaji karibu masaa 9 mfululizo ya umeme na mtandao. Wakati wa masika, masaa 9 hayo huyapati.

Dawa ni kuikata video kabla ya kuipakia, na harusi zetu zimeshajigawa zenyewe: singo, hina, nikahi msikitini, ukumbini. Kata kila sehemu iwe faili lake bila kubadilisha ubora, kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -ss 00:00:00 -to 00:48:30 -i harusi.mp4 -c copy -movflags +faststart 01-hina.mp4`

Hiyo `+faststart` usiiache. Kamera nyingi zinaandika faharasa ya MP4 mwishoni mwa faili, kwa hiyo runinga inalazimika kwenda mkiani kwanza kabla ya kuonyesha picha ya mwanzo. Kwenye diski ya nyumbani hulioni hilo, lakini faili likiwa Ulaya ni kusubiri kwa ziada kila unapobonyeza. Na kama kanda zako za zamani ni za .MTS zenye mistari ya kupishana, zibadilishe ziwe H.264 isiyo na mistari hiyo mara moja tu, hapo nyumbani, kuliko kuiachia seva ifanye kazi hiyo kila mtu anapofungua.

Amri ya kupakia (`siri:` ni hifadhi ya winguni iliyofungwa kwa nenosiri, nimeieleza hapo chini):

`rclone copy /data/familia siri: --transfers 2 --min-age 15m --bwlimit "06:30,512k 00:30,off" --progress`

Tumia `copy`, si `sync`. Ukitumia `sync`, ukifuta kitu nyumbani na winguni kinafutwa, na hapo hakuna nakala tena. Hiyo `512k` ni kilobaiti, si kilobiti: ni kama megabiti 4 kwa sekunde, kwa hiyo kama laini yako ya kupakia ni megabiti 5, punguza. Saa zinaandikwa kwa mtindo wa kompyuta. 00:30 ni saa sita na nusu za usiku kwetu. Mwezi wa Ramadhani geuza ratiba, kwa sababu watu wako macho mpaka daku na mtandao unashusha pumzi baada ya alfajiri tu. Weka bila kikomo kuanzia 06:00 hadi 11:00.

Ukimaliza, usifute cha nyumbani kabla ya kuendesha `rclone cryptcheck /data/familia siri:` na kuona hakuna tofauti.

Fiche kwanza, hasa video za wanawake

Hapo juu `siri:` ni hifadhi ya aina ya crypt, inayofunga maudhui na majina ya mafaili kabla hayajatoka nyumbani. Kwa filamu za kawaida unaweza kusema ya nini. Kwa video za singo na hina, ambazo mabibi na dada wamerekodiwa wakiwa wenyewe kwa wenyewe bila buibui, si jambo la kujadili: wamekubali kurekodiwa kwa sharti hilo. Funga, halafu kwenye Jellyfin zitengenezee maktaba yake peke yake, na ruhusa wapewe akaunti za wanaohusika tu. Akaunti ya runinga ya sebuleni isiwemo.

Gharama ya crypt ni kwamba huwezi kufungua video hizo kwa programu ya Drive ya simu, na majina marefu sana ya mafaili, ya herufi 140 na zaidi, yanaweza kukataliwa. Kuruka mbele na nyuma ndani ya video kunafanya kazi kama kawaida. Nenosiri na lile la pili la nyongeza yaandike kwenye karatasi, pamoja na nakala ya faili la rclone.conf kwenye flashi, vikae nyumba nyengine. Vikipotea, hakuna wa kumpigia simu.

Kuunganisha folda

Amri hii inaifanya hifadhi ya winguni ionekane kama folda ya kawaida kwenye seva:

`rclone mount siri: /mnt/wingu --read-only --allow-other --vfs-cache-mode full --cache-dir /ssd/kache --vfs-cache-max-size 250G --vfs-cache-max-age 2160h --vfs-read-ahead 256M --dir-cache-time 720h --poll-interval 1m`

`--vfs-cache-mode full` inaweka kwenye SSD kila kipande kilichosomwa, na `--vfs-cache-max-age` ndiyo inayosahaulika: usipoiandika ni saa 1 tu, kwa hiyo katuni aliyoiangalia mtoto asubuhi inashushwa tena jioni. Masaa 2160 ni siku 90. Kache isiwe kwenye diski ya exFAT, ambayo ndiyo hali ya diski nyingi za nje zinavyotoka dukani, kwa sababu haikubali mafaili yenye nafasi tupu ndani. Tumia ext4. `--read-only` inazuia Jellyfin, au mtoto mwenye rimoti, kufuta kitu winguni. `--poll-interval` inafanya kazi kwa Drive lakini si kwa B2. Kwa B2, ukiongeza mafaili mapya, ipelekee rclone ishara ya SIGHUP isome folda upya. Ukiiendesha kwa mtumiaji wa kawaida, ondoa alama ya # mbele ya `user_allow_other` ndani ya /etc/fuse.conf, la sivyo Jellyfin haitaona kitu.

Ifanye amri hiyo kuwa huduma ya systemd (sehemu ya Linux inayowasha programu mashine inapoanza) ya aina ya `notify`, iite `rclone-wingu`, kisha kwa `systemctl edit jellyfin` ongeza:

```
[Unit]
Requires=rclone-wingu.service
After=rclone-wingu.service
```

Bila hayo, umeme ukirudi seva inawaka haraka kuliko kisanduku cha faiba, Jellyfin inakuta folda haina kitu, na ukaguzi wa maktaba unaweza kuondoa orodha yako. Kwa ulinzi zaidi, kabla ya kuunganisha, endesha `chattr +i /mnt/wingu` ili kisiandikwe kitu kwenye folda tupu kwa bahati mbaya.

Upande wa Jellyfin, zima vitu vitatu kwenye maktaba ya wingu: ufuatiliaji wa mabadiliko papo hapo (hauoni mabadiliko yanayotokea winguni), picha za sura za video (chapter images), na vile vipicha vinavyoonekana ukisogeza video. Viwili vya mwisho vinasoma ndani ya kila faili, moja baada ya jengine, na vile vipicha vinalisoma faili zima. Maktaba ya gigabaiti 600 ikiachiwa hivyo itashusha gigabaiti 600, na kwa anayetumia bando la 4G ndio mwisho wa mwezi. Ukaguzi uliopangwa uwe mara moja kwa siku, asubuhi. Halafu ndani ya maktaba moja unaweza kuweka folda mbili, /data/familia na /mnt/wingu. Anayeangalia haoni tofauti, ila kilichomo kwenye folda zote mbili kinaweza kuonekana mara mbili.

Kache isikudanganye kuwa ni nakala. Mtandao ukikatika na seva ikawashwa upya wakati huo, rclone haiwezi kusoma orodha ya winguni, na vipande vilivyomo kwenye SSD havikusaidii.

Jamaa walioko Maskati na London

Hapa laini inatumika mara mbili: video inashuka kutoka winguni hadi Unguja, kisha inapanda tena kwenda kwake. Weka kikomo cha megabiti 3 kwa wanaoangalia kutoka nje, na uwashe Quick Sync ibane video. Watoa huduma wengi hawakupi anwani ya IP yako peke yako, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii. Tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa kwa mtandao wa faragha, kwenye seva na kwenye simu zao. Jamaa wa nje wakizidi watatu wanaoangalia kila wiki, ni nafuu kukodi seva ndogo huko huko Ulaya, yenye rclone na Jellyfin za kwao, ikasoma wingu lile lile. Nenosiri la crypt litakuwa kwenye mashine ya kukodi, kwa hiyo maktaba ya wanawake usiifikishe huko. Ipe hifadhi yake ya crypt yenye nenosiri jengine.

Majaribio ni mawili. Chomoa waya wa mtandao saa tatu usiku uone familia inaweza kuangalia nini. Kisha chukua kompyuta ya mtu mwengine, karatasi ya nenosiri na ile flashi tu, ushushe video moja ya nikahi uifungue.