Nilivyochapa picha kwa mkono Asakusa

Tokyo nilikuwa na siku nne za kazi, ya tano nikaiweka yangu mwenyewe. Asubuhi na mapema nikachukua sabwei mpaka Asakusa, nikapita chini ya lile taa kubwa jekundu la lango la Kaminarimon, watu wamejaa wanaelekea hekalu la Senso-ji, mi nikakata uchochoro natafuta Mokuhankan, duka la picha za Kijapani zinazochongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa rangi na kuchapwa kwenye karatasi.

Duka hili lilifunguliwa 2014 na David Bull, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Kanada, akahamia Japani 1986 na kujifunza kuchonga mbao kwa kuhangaika mwenyewe, leo anafundisha vijana. Ukutani nikakuta picha za Ukiyo-e Heroes (ukiyo-e ndo jina la hizo picha za kale za ubao), yani wahusika wa magemu ya video wamechorwa na Jed Henry kwa staili ya kale, halafu zikachongwa na kuchapwa kwa mkono kabisa. 2012 waliomba mchango Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa za miradi, wakapata zaidi ya dola 300,000. Wapo wanaoona huko ni kuishusha sanaa, mi nakataa kabisa, kwani hizi picha enzi za Edo, Japani ya miaka ya 1603 mpaka 1868, zilikuwa za nani kama sio watu wa kawaida wanaonunua sura za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, na wacheza sumo wanaowapenda? Hata lile wimbi kubwa maarufu la mchoraji Hokusai, kama 1831 hivi, yeye alichora tu, kuchonga na kuchapa walifanya mafundi wengine.

Basi nikakaa mezani na wageni wenzangu. Unapaka rangi kwenye ubao kwa brashi pamoja na gundi kidogo ya mchele, unachukua karatasi yenye unyevu, unaikalisha kona yake kwenye kento, yani vialama viwili vilivyochongwa pembeni mwa ubao, halafu unasugua mgongoni kwa baren, kidude cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Kila rangi na ubao wake. Rangi ya pili niliikosea kento kama unene wa unywele tu, na ukingo wa mchoro ukabaki na mstari mweupe. Dada aliyekuwa anatuelekeza akanishika mkono taratibu akanionyesha, kidole gumba kwanza, karatasi ndo ifuate, iliyofuata ikakaa sawasawa.

Usiku hotelini nikaiinamisha kwenye taa, mistari imezama ndani ya karatasi, ukipitisha kidole unaisikia.