Usikubali wapake rangi juu ya fangasi

Wapangaji wenzangu wa Mtwara naombeni mnisikilize kwenye hili, maana kila masika stori ni ile ile. Mvua zikichanganya, ukuta wa chumbani unaanza madoa, unamwambia mwenye nyumba, anamtuma kijana na ndoo ya rangi, chumba kinang'aa, muda si mrefu madoa yamerudi pale pale. Rangi haiui fangasi! Fangasi anaishi kwa maji, na kama maji bado yanaingia ukutani basi atatokea hata juu ya hiyo rangi mpya.

Sisi tumepanga Chikongola, vyumba viwili na sebule, nyumba nzuri tu ya tofali za saruji. Kilichotushtua kwanza ni harufu, ukifungua kabati la nguo uvundo unakupiga usoni, alafu mwanangu mdogo kikohozi hakiishi, hasa usiku, mchana akiwa nje anacheza yuko poa kabisa. Hospitali daktari akauliza mtoto analala wapi na hicho chumba kikoje. Tuliporudi tukavuta kabati. Aisee. Ukuta wa nyuma una vidoa vyeusi na vya kijani iliyokolea, vimeanzia chini kwenye sakafu vikapanda mpaka usawa wa kiuno, ubao wa nyuma wa kabati umeota manyoya meupe, mkanda wa ngozi wa mume wangu nao umefunikwa na ukungu mpaka kwenye matundu.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, shikamoo, marahaba, nikamuonyesha picha kwenye simu. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo chumvi tu, nyumba zote za pwani ndo zilivyo."

Sasa hapa lazima niseme ukweli, chumvi ya ukutani ipo kweli, na huku kwetu ipo sana. Unyevu ukipanda ukutani unabeba chumvi iliyomo kwenye mchanga na saruji, ukikauka inabaki juu kama unga mweupe na plasta inaanza kumomonyoka. Lakini kuijua ni rahisi. Dondoshea tone la maji, chumvi itayeyuka, fangasi hayeyuki, ukimpitishia kidole anapakaa. Na chumvi hainuki uvundo. Nikamuomba mama aje mwenyewe, akaja, nikadondoshea maji mbele yake, akainama akanusa ule ukuta akanyamaza, alafu akasema tumuite fundi. Kwa hilo namshukuru sana, kuna watu wanajibiwa "kama hutaki hama" na wana watoto wenye pumu ndani, inaniuma.

Fundi tuliyempata hakuanza na nyundo. Alichukua kipande cha foili akakibandika ukutani na selotepu pande zote nne, akasema kikae mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya ndani, yani madirisha hayafunguliwi, nguo zinaanikwa ndani, mvuke wa kupikia. Ukikuta matone upande wa nyuma, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe. Yetu yalikuwa nyuma. Upande wa pili wa ukuta ule kuna bafu, kwaio akafunga bomba zote na kwenda kuangalia mita, na mita inazunguka polepole wakati hakuna anayetumia maji. Kupasua plasta ndo kukuta jointi ya bomba inavuja kidogo kidogo, tofali limeloa chapa.

Na hapa ndo nilipogombana na haraka za watu. Bomba likarekebishwa, jioni ile ile kijana wa rangi yuko mlangoni. Nikakataa. Watu wa Kusini tunajua korosho ikiwekwa gunia bado ina unyevu itavunda, ndo maana tunaanika kwanza, sasa ukuta kwa nini tuuzibe ukiwa mbichi?

Usafi tulifanya hivi. Mtoto akahamia sebuleni, madirisha wazi, mdomo na pua nimefunga barakoa, mikononi glavu. Ukuta unauloanisha kwanza, maana ukisugua mkavu zile mbegu za fangasi zinaruka chumba kizima. Sabuni ya unga na brashi, alafu jiki, kikombe kimoja kwenye lita nne za maji. Jiki usije ukachanganya na dawa ya kusafishia choo wala siki, inatoa gesi ya hatari. Ubao wa kabati tuliutoa tukautupa, fangasi akishaingia ndani ya ubao au jipsamu laini kuoshwa juu juu hakusaidii.

Kuhusu hela, tulilipa fundi sisi na mama akakubali ikatwe kwenye kodi ya miezi sita inayofuata, lakini tuliandika kwenye karatasi, kiasi, tarehe, sahihi zake na zangu, risiti za vifaa nikazipiga picha. Picha za ukuta pia nimezituma kwake WhatsApp toka siku ya kwanza ili tarehe zionekane. Mama ni mtu mwema, lakini kodi ikifika nyumba inaweza kuwa inasimamiwa na mtoto wake, na yeye hajui tuliongea nini.

Kabati sasa limekaa mbali kidogo na ukuta hewa ipite, mtoto usiku analala vizuri zaidi. Rangi bado. Fundi kasema plasta mpya ikauke kabisa kwanza, na foili tutaibandika tena kabla ya kumuita yule kijana.