Siku Yangu Kwenye Tanuri la Bezeli za Rangi

Saa moja asubuhi nilivaa koti jeupe, kofia na glavu, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ikinaswa kwenye unga wa kauri hugeuka doa lisilofutika. Saa mbili nilikagua unga na kalibu. Saa tatu nilisoma kumbukumbu za tanuri la usiku.

Saa nne tulilifungua. Bezeli, yaani ile pete inayozunguka kioo cha saa, huingia ikiwa kubwa kuliko itakavyotoka, maana kwenye joto la nyuzi 1,500 za Selsiasi na zaidi husinyaa kwa karibu robo ya upana wake, na ikishapoa huwa ngumu kiasi cha kuhitaji zana za almasi. Nyeusi haitusumbui sana. Mtihani ni nyekundu, kwa sababu rangi nyingi za jamii hiyo huharibika kabla kauri haijaiva. Hata Rolex, kampuni ya saa za mkononi iliyoanza kutumia bezeli ya kauri mwaka 2005, haikutoa ya nyekundu na buluu hadi mwaka 2014. Pete hiyo ni kipande kimoja: huumbwa kwa rangi nyekundu, kisha nusu yake hunyweshwa myeyuko wa chumvi za metali kabla ya kuchomwa, na buluu hujitokeza tanurini.

Karibu na saa sita, mwenye duka mmoja alipiga simu. Alidai kwamba tunazificha bezeli za rangi ili bei ipande, na kila nilipoeleza habari za tanuri alirudia madai yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Kisha akauliza kwa nini tusipake rangi juu ya zile nyeusi. Nilimkumbusha kwamba bezeli za zamani za alumini zilikuwa na rangi juujuu tu, nazo zilichunika na kupauka kwa jua, ilhali kauri hutakiwa kubaki na rangi yake miaka yote. Alikata simu kabla sijamaliza. Niliumia, kwa sababu kazi hii ina watu wanaoipa macho yao.

Mchana wote ulikwenda kwenye ukaguzi. Chini ya taa kali niligeuza pete moja baada ya nyingine, nikitazama mpaka wa rangi mbili: buluu ikivuja kwenye nyekundu hata kwa upana wa unywele, pete hiyo imekufa, kwani kauri iliyokwisha kuiva hairekebishiki. Moja ilikuwa na mpaka safi kabisa, lakini nyekundu yake ilielekea hudhurungi. Nyingine ilikuwa na rangi niliyoitamani tangu asubuhi, ila ilikuwa imepinda kidogo, na ingekataa kukaa kwenye saa. Shingo iliniuma, macho yakaanza kuniwasha, nikaacha kutazama saa ya ukutani; trei ya zilizokataliwa ilijaa kuliko ya zilizopita, nami sikulegeza kipimo hata kwa moja.

Giza lilipoingia nilitia saini fomu ya ukaguzi, nikamwandikia yule mwenye duka kwamba oda yake ya nyekundu na buluu haitakamilika wiki hii, na kwamba nyeusi zipo tayari akizitaka.