Sambaza kavu: biashara niliyoanzisha Goma benki zikiwa zimefungwa

Karibu kila mtu aliniambia jambo moja: subiri vita viishe ndipo ufungue biashara. Huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, anayesubiri hivyo atazeeka bila kufungua. Waasi wa M23 waliingia Goma, mji wetu kando ya Ziwa Kivu, mwishoni mwa Januari 2025, benki na uwanja wa ndege vikafungwa, umeme na maji vikakatika. Walionikubalia niuze samaki nao walisisitiza ninunue friji kwanza. Friji isiyo na umeme inaozesha samaki. Nikachagua sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa kukausha.

Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Kwa hiyo wavuvi wakizuiwa kuingia ziwani usiku, asubuhi ufukweni Kituku, soko la samaki la Goma, utakuta mabeseni machache na bei imepanda. Mbalamwezi nayo hupunguza samaki, kwa sababu hawaifuati taa vizuri. Siku kama hizo sinunui. Mtaji nimeugawa uweze kununua mara mbili, ili mzigo mmoja ukipotea wa pili uniinue.

Kilo 3 hadi 4 za sambaza mbichi hutoa kilo 1 kavu. Ukitaja bei kabla ya kupiga hesabu hiyo, umeshakula mtaji.

Nilishauriwa kuanika kwenye turubai chini, kama wengi wanavyofanya. Usifanye. Maji hayana pa kutokea, samaki wa chini wanachemka kwa jua, matumbo yanapasuka na nzi wanajaa. Mbaya zaidi ni vumbi letu la volkano: chembe nyeusi zinashika samaki akiwa bado na unyevu na hazitoki tena. Mteja akitafuna mchanga mara moja, harudi. Mimi ninaanika kwenye wavu wa waya uliotandazwa juu ya fito, kimo cha kiuno, samaki safu moja tu. Kabla ya hapo ninawaosha mpaka maji yawe meupe, nawalaza robo saa kwenye maji ya chumvi, kilo 1 kwa lita 10, halafu nawachuja. Wageuze mapema, kabla hawajagandia waya. Na chandarua cha kulalia kisifunike chakula, kina dawa ya mbu. Tumia wavu wa madirisha.

Kwa jua kali siku mbili zinatosha. Mkunje mmoja: akivunjika, amekauka, akipinda, mrudishe juani, la sivyo gunia zima litaota ukungu. Mvua ikija waingize penye paa na upepo, bila kuwarundika. Kukausha kwa moto nimeacha, barabara zikifungwa makaa yanapanda bei kuliko faida yenyewe.

Kilichoniokoa hasa ni simu. Pesa taslimu zilipokuwa adimu, mawakala walikata walivyotaka kwa anayetoa. Basi sikutoa. Wateja wakubwa walinilipa kwa simu, nami nikawalipa akina mama wa Kituku kwa simu, na wao wakamalizana na wavuvi hivyohivyo. Taslimu niliyohitaji ilikuwa ya chumvi na ya mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tu, na hiyo iliingia kwa wanaonunua kopo moja moja. Faranga zilizochakaa na dola zenye hata mpasuko mdogo zikatae palepale, mbele ya mteja, maana hakuna atakayezipokea kwako.

Mzigo uliokauka usiuweke nyumba moja. Wangu uko kwetu na kwa shangazi mtaa wa Kyeshero, magunia yasiyozidi anayoweza kubeba mtu mmoja akilazimika kuondoka kwa miguu.