Mguu wa Kushoto wa Kambo, na Jinsi Maji ya Ngozi Yanavyopimwa

Kila mwaka, mvua ikishakatika na vumbi jekundu likaanza kutanda juu ya mabati ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, Kambo, mzee ambaye mimi ni mjukuu wake, hutoa kigoda chake nje, akaketi kwenye jua la asubuhi na kuinyoosha miguu yake mbele kama mtu anayekagua mali. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo, usiku wa Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na hewa ya mchana hukauka kiasi kwamba nguo zilizoanikwa saa nne huwa tayari kuvaliwa saa sita. Kinachokausha nguo ndicho kinachokausha ngozi. Magaga ya Kambo hufunguka, miguu hupauka hadi magotini, naye huagiza kopo la Vaseline kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa.

Mimi hufundisha kemia, na kwa miaka mingi niliamini kama yeye kwamba ngozi iliyokauka ni ngozi iliyopungukiwa mafuta. Kilichonitoa katika imani hiyo ni jaribio la mtafiti wa Marekani, Irvin Blank, aliloliandika mwaka 1952. Blank alichukua vipande vya ngozi ngumu ya unyayo, akavikausha hadi vikawa vya kuvunjika, kisha akaviweka katika mafuta ya aina mbalimbali. Havikulainika. Alipovirudishia maji, vililainika bila mafuta yoyote.

Jaribio la namna hiyo halihitaji maabara. Kambo aliposugua visigino kwa jiwe, nilimwomba anikatie vipande viwili vya sugu, vyembamba kama ganda la kitunguu. Niliviacha dirishani siku mbili, kimoja nikakitia katika bilauri ya maji, kingine katika mafuta ya kupikia, na kesho yake asubuhi nikamwita. Kile cha majini kilikuwa kimevimba na kuwa cheupe, nacho kilikunjika mara mbili bila kukatika. Kile cha mafutani kiling’aa vizuri sana, lakini nilipokikunja kilitoa mlio mdogo na kuvunjika. Kambo alivitazama vyote viwili, akaniuliza, “Sasa, mjukuu wangu, unataka nisipake mafuta?” Nilimjibu kwamba apake, ila tuelewane kwanza mafuta yanafanya kazi gani.

Lazima niseme jambo kuhusu kupauka, kwa sababu ndiko macho yanakotudanganya zaidi. Seli za juu za ngozi zikikauka, kingo zake hunyanyuka na hewa huingia chini yake. Nuru ikipita kutoka hewani kwenda kwenye seli na kurudi tena hewani hutawanyika pande zote, na juu ya ngozi nyeusi mtawanyiko huo huonekana kama majivu. Ukipaka mafuta, mianya hiyo hujaa, nuru hupita moja kwa moja, na weusi wa ngozi hurudi papo hapo. Jambo hilohilo hutokea kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi: mahali mafuta yalipopenya, karatasi huacha kuwa nyeupe na kuanza kuonyesha kilicho nyuma yake. Hakuna tone la maji lililoongezeka. Muuzaji mmoja sokoni alinipaka krimu nyuma ya kiganja, akanionyesha mng’ao na kutangaza kwamba ngozi yangu “imekunywa”. Alichonionyesha kilikuwa elimu ya nuru, wala si elimu ya ngozi, na nililipa bei ya vyote viwili.

Ngozi hushikaje maji yake, basi? Tabaka la juu kabisa ni la seli zilizokwisha kufa, na kwenye mkono unene wake ni kama mikromita 10 hadi 20 tu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ingawa kisiginoni ni nene mara nyingi zaidi. Peter Elias wa California alilifananisha tabaka hilo na ukuta, ambamo seli ni matofali, na udongo unaoyashikanisha ni mchanganyiko wa seramidi (aina ya mafuta yanayotengenezwa na ngozi yenyewe), kolesteroli na asidi za mafuta. Kwa mtu wa mji huu, ambako tanuru za matofali ya kuchoma ziko kila upande, mfano huo hauhitaji maelezo: tofali likiwa zima lakini udongo ukawa umebomoka, upepo utapita. Sabuni kali ndiyo inayobomoa udongo huo. Uso wa ngozi una asidi kidogo, jambo lililoelezwa na Schade na Marchionini wa Ujerumani tangu mwaka 1928, na vimeng’enya vinavyotengeneza mafuta ya ukuta huo vinaihitaji asidi hiyo. Sabuni ya kawaida, yenye pH ya 9 au 10 (pH ni kipimo cha asidi, na juu ya 7 hakuna asidi tena), huvivurugia kazi. Watoto wanaoogeshwa kwa sabuni ya kufulia mwezi wa Julai wanajikuna kwa sababu inayoeleweka.

Maji yanayovuja kupitia ukuta huo hayaonekani, kwa maana si jasho. Ni mvuke unaopanda kimya usiku na mchana. Gert Nilsson wa Linköping, Uswidi, alieleza mwaka 1977 kifaa cha kuupima: kibomba kifupi kilicho wazi pande zote mbili, kinachowekwa juu ya ngozi, na ndani yake vihisio vya unyevu na joto vilivyopangwa kwa vimo viwili tofauti. Tofauti ya mvuke kati ya kile cha chini na kile cha juu ndiyo inayoonyesha ni maji kiasi gani yanaondoka. Kwenye mkono wenye afya matokeo huwa kati ya gramu 5 na 10 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Nilifanya hesabu na wanafunzi: tukichukua gramu 7 na ngozi yenye eneo la mita za mraba 1.7, tunapata karibu gramu 285 kwa siku, yaani bilauri nzima ya maji ambayo mtu huipoteza bila hata kuijua.

Kifaa cha pili hupima maji yaliyobaki. Kichwa chake kidogo hubanwa kwenye ngozi kwa muda mfupi sana na kupima uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, kwa kuwa maji huitikia uga wa umeme mara nyingi zaidi kuliko vitu vingine vilivyomo katika ngozi. Kinachonivutia katika vipimo hivi ni adabu inayovizunguka kuliko mashine zenyewe: anayepimwa huketi ametulia dakika 20 au 30 katika chumba ambacho joto na unyevu wake vinajulikana, hapaki kitu wala hanawi kabla ya kupimwa, na sehemu inayopimwa ni ileile kila mara. Aliyepanda ngazi mbio atapimwa jasho lake, na aliyepaka krimu sasa hivi atapimwa maji ya krimu. Muuzaji wangu wa sokoni angeshindwa katika dakika ya kwanza.

Kwa vipimo hivyo kopo la Kambo lilipata heshima ambayo sikuitarajia. Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872, na hadi leo mafuta hayo ya mgando ni miongoni mwa vizuizi bora vya mvuke wa ngozi: katika vipimo vingine yameupunguza hadi asilimia 98 hivi, wakati mafuta mengine mengi huishia asilimia 20 au 30. Lakini kifuniko hakijazi sufuria. Ukikifunika kisigino kilichokauka, umefunga ukavu ndani. Gliserini hufanya kazi nyingine, ile ya kuvuta na kushika maji. Panya waliozaliwa bila protini inayoipitisha gliserini kwenye ngozi walikuwa na ngozi kavu, na walipopewa gliserini hali hiyo ikarekebika. Wanaoichanganya na maji kabla ya kupaka wako sahihi, hasa huku kwetu, ambako hewa ya Agosti haina maji ya kumkopesha mtu.

Nywele nitazigusa kwa ufupi, ijapokuwa mdogo wangu anayesuka watu katika mtaa wa Kamalondo angependa ziwe makala nzima. Wateja wake hulalamika kwamba nywele zao hazikui. Geneviève Loussouarn alipima mwaka 2001 na kupata wastani wa mikromita 256 kwa siku kwa nywele za Waafrika, dhidi ya 396 kwa za wazungu. Ni pungufu, lakini bado ni zaidi ya milimita 7 kwa mwezi. Zinakua, kisha zinakatika. Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town alizitazama kwa hadubini akakuta mafundo na ncha nyingi zilizovunjika katika nywele ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Kila pindo la nywele ni mahali ambapo kitana kinaweza kuzikata, na kwa nywele za kipilipili kitana hupita kwa nguvu ndogo zaidi zikiwa na maji. Mdogo wangu alikuwa akizichana kavu, kwa haraka. Siku hizi ana chupa ya kunyunyizia maji kando ya kiti.

Nikarudi kwa Kambo na pendekezo la kitafiti. Watafiti hupenda kulinganisha upande mmoja wa mwili na mwingine wa mtu yuleyule, ili umri, chakula na hali ya hewa visiharibu hesabu. Mguu wa kushoto ungepakwa Vaseline ukiwa mkavu, kama kawaida yake. Wa kulia ungelowekwa dakika 10 katika maji ya uvuguvugu, kisha upakwe kiasi kilekile kabla haujakauka. Tungeendelea wiki mbili, na nilimwandaa jirani wa kuja kuhukumu bila kuambiwa upi ni upi.

Jirani hakupata nafasi hiyo. Siku ya tisa, Jumapili, nilimkuta Kambo ameloweka miguu yote miwili katika beseni moja. Nilipolalamika kwamba ameniharibia jaribio, aliuinua wa kushoto kutoka majini, akanionyesha nyufa zake, kisha akauinua wa kulia. “Wewe ulitaka niende misa na mguu mmoja wa bibi harusi na mwingine wa mkokoteni,” alisema, akanyoosha mkono nimpe kopo.