Chupa tatu na udongo wa Dodoma

Leo somo la mmomonyoko limefanyika nje, chini ya mwarobaini. Darasa la tano.

Chupa tatu za maji za lita moja na nusu, zimelazwa, zimekatwa dirisha ubavuni. Udongo uleule, umeshindiliwa sawa, ukomee chini kidogo ya mdomo.
Ya kwanza udongo mtupu.
Ya pili imefunikwa majani makavu.
Ya tatu ina uwele uliooteshwa wiki mbili kabla, mizizi imeshikana.

Kipande cha tofali kiinue kitako ili mdomo uelekee kikombe. Kila chupa nusu lita, kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Tafadhali, msitumie jagi! Maji ya mkupuo huchimba shimo hata penye majani, na watoto wanaondoka na jibu potofu.

Kabla ya kumwaga, kila kundi liandike linachotarajia. Hapo ndipo somo lilipo.

Kikombe cha kwanza kilijaa maji mekundu, mazito kama uji. Cha tatu kilichelewa, kikapata maji kidogo tu, karibu meupe. Mtoto mmoja akauliza: "Kumbe korongo la nyuma ya shule lilianza hivi?"

Kesho tope likituama wanalipima kwa rula.

Wazee wa Kondoa wanaikumbuka HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma), iliyoanza 1973, na mifugo kuondolewa 1979 ili ardhi ipone. Waalikeni darasani.

Walimu wa Mpwapwa na Kongwa, badala ya uwele ninyi mnaotesha nini?