Mwizi asiyesema: nakala ipi ya The Thief and the Cobbler uitazame

Ukiitafuta The Thief and the Cobbler mtandaoni utakutana na filamu nne za katuni zenye jina hilo au majina ya jirani, na mbili kati yake zitakufanya ujiulize watu wanaishabikia kwa lipi. Kipimo ni chepesi. Sogeza mbele mpaka atokee mwizi, yule mwembamba mwenye inzi wanaomzunguka kichwani saa zote. Akiongea, tena maneno yasiyokatika kama mtangazaji wa mpira, hiyo ni nakala ya 1995, ifunge. Akinyamaza, msubiri fundi viatu. Fundi naye akiwa na maneno mengi, na nyimbo za mapenzi zikaanza, umeshika nakala ya 1993. Wote wawili wakiwa kimya, kaa utulie, umepata kitu.

Usitegemee jina lililoandikwa kwenye jalada. Ile ya 1993 ilitoka ikiitwa The Princess and the Cobbler, ya 1995 ikaingia kwenye sinema za Marekani kwa jina la Arabian Knight, kisha hiyo hiyo ya 1995 ikauzwa kwenye kanda za video kwa jina la The Thief and the Cobbler. Kwa hiyo aliyenunua kanda yenye jina sahihi ndiye aliyepata nakala mbaya kuliko zote.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kuna Mji wa Dhahabu, na kileleni mwa mnara wake kuna mipira mitatu ya dhahabu. Ikiondoka, mji utaangamia. Mfalme Nod ni mtu wa kusinzia. Waziri wake ZigZag anasema kwa vina tupu na anamtaka binti mfalme, YumYum. Nje kunakuja jeshi la Jicho Moja. Katikati yuko Tack, fundi viatu anayetembea na misumari midogo mdomoni, na yuko mwizi ambaye haoni chochote duniani isipokuwa kinachoweza kuibwa. Vicheko vyote vinatoka kwenye mwili: mwizi anapanda, anaanguka, anabanwa, anapita katikati ya vita vizima akifuata mipira yake bila kujua kwamba watu wanakufa kulia na kushoto. Misumari miwili ya Tack ndiyo midomo yake. Ikiinuka anatabasamu, ikishuka ana huzuni. Katika filamu kama alivyoikusudia mwongozaji wake, Tack anafungua kinywa kusema mara moja tu, mwishoni.

Mwongozaji huyo ni Richard Williams, aliyezaliwa Toronto mwaka 1933 na kufungua studio yake London. Kazi ilianza 1964 kama filamu ya hekaya za Mulla Nasrudin, kwa kuwa Williams alikuwa akichora picha za vitabu vya mwandishi Idries Shah kuhusu Mulla huyo. Msomaji wa Kiswahili anamjua Nasrudin hata kama hajawahi kulisikia jina lake: kisa cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, husimuliwa juu yake kama kinavyosimuliwa kwetu juu ya Abunuwasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Williams na jamaa wa Shah waligombana, Nasrudin akaondoka na hekaya zake, studio ikabaki na michoro mingi isiyo na hadithi. Mwizi alibaki kwa sababu alikuwa wa Williams mwenyewe. Ndiyo maana anaonekana kama mtu aliyepotea njia akaingia katika filamu ya wengine. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa.

Fedha ilitoka kwenye matangazo ya biashara na kazi za kukodiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamfalme wa Saudi Arabia, Mohammed bin Faisal, alikubali kugharamia sehemu ya majaribio ya kama dakika 10. Williams alichagua sehemu ngumu kuliko zote, ile ya mtambo wa vita unaojibomoa wenyewe kipande kwa kipande. Ikatoka nzuri ajabu. Ilikuwa pia imepita muda na imepita bajeti, na mfadhili akaaga.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Filamu huonyesha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Katuni nyingi huchorwa kila mchoro mmoja kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Jicho la kawaida halilalamiki. Williams alitaka mchoro mpya kwa kila fremu, 24 kwa sekunde. Hiyo ni michoro 1,440 kwa dakika moja ya mhusika mmoja, na filamu ina dakika karibu 90, na mara nyingi wahusika ni zaidi ya mmoja. Halafu kuna ukimbizano ndani ya kasri, kwenye sakafu za miraba myeusi na myeupe na ngazi zinazomdanganya mtazamaji juu na chini, uliopangwa na Roy Naisbitt na kuchorwa kwa mkono bila kompyuta: kamera ikigeuka, kila mraba wa sakafu unachorwa upya. Kuna ZigZag akichanganya karata, kila karata ikienda njia yake. Walimu waliokuja kufundisha na kuchora humo walikuwa wakongwe wa Hollywood: Ken Harris, Art Babbitt, Grim Natwick. Harris, aliyempa mwizi mwendo wake, alifariki 1982, filamu ikiwa bado haina mbele wala nyuma.

Kosa lenyewe, kwa maoni yangu, halikuwa wingi wa michoro. Lilikuwa mpangilio. Kwa miaka mingi Williams alifanya kazi bila michoro kamili ya mfuatano wa hadithi, akiamini kuwa ingemfunga. Matokeo yake vipande vigumu vilikamilika kwanza, na vile vyepesi vya kuunganisha, mtu anaingia chumbani, mtu anapokea habari, vikaachwa nyuma. Filamu ikawa na misuli bila maungio.

Baada ya Who Framed Roger Rabbit ya 1988, iliyompa Williams tuzo za Oscar, kampuni ya filamu ya Warner Bros. ikakubali kuingia. Katika mikataba ya namna hii huwepo kampuni ya dhamana: inaahidi kwamba filamu itakamilika kwa muda na kwa bajeti, na isipokamilika, ina haki ya kuichukua na kuimalizia yenyewe. Mei 1992 Warner ilionyeshwa kopi ya kazi, yenye sehemu zilizokamilika zikiungwa kwa michoro ya penseli kujaza mapengo. Zilikuwa zimebaki kama dakika 10 hadi 15. Warner ikajitoa, kampuni ya dhamana ikaichukua filamu, Williams akaondolewa. Novemba mwaka huo Disney ikatoa Aladdin.

Fred Calvert, mtayarishaji wa katuni, alipewa kazi ya kuimaliza. Aliongeza nyimbo, akampa Tack sauti, akagawa michoro mipya kwa studio mbalimbali. Nakala yake ilitoka Septemba 1993 Australia na Afrika Kusini. Vincent Price, ambaye sauti yake ya ZigZag ilirekodiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alifariki mwezi uliofuata. Kampuni ya filamu ya Miramax ikainunua kwa soko la Marekani, ikaikata hadi dakika 72 hivi, ikampa mwizi sauti ya Jonathan Winters na kupunguza sehemu kubwa ya bibi mmoja mchawi wa jangwani. Filamu iliyogharimu mamilioni haikufikisha hata dola milioni 1 katika sinema za Marekani.

Hapa ndipo mashabiki wanapoingia. Kopi ya kazi ya 1992 ilivuja, ikanakiliwa kutoka kanda hadi kanda kati ya wachoraji katuni na wakusanyaji. Mwaka 2006 Garrett Gilchrist, mtengenezaji filamu wa Marekani, alitoa toleo lake, Recobbled Cut, na akaendelea kulirekebisha mpaka toleo la nne, Mark 4, la 2013, ambalo sehemu yake kubwa ni ya ubora wa HD na ndani yake mna michoro iliyosafishwa au kuchorwa na wasaidizi wa kujitolea. Si toleo rasmi, haliuzwi, na kisheria limekaa pembeni.

Wanaodhani kazi hiyo ni kukata na kubandika wangeangalia vyanzo vilivyokuwepo. Filamu ilipigwa kwa picha pana, uwiano wa 2.35 kwa 1. Kanda za video za zamani ziliikata iingie kwenye televisheni ya 4 kwa 3, na kwa hesabu hiyo asilimia 43 ya picha inapotea. Kwa filamu nyingine ni hasara tu. Kwa hii ni balaa, kwa sababu mwizi hufanya vituko vyake pembeni kabisa mwa fremu huku wengine wakiongea katikati. Diski iliyotolewa Japani ilikuwa na picha pana, ila ilikuwa nakala ya Miramax, yenye mapengo yote ya Miramax. Kopi ya kazi ilikuwa na kila kitu, lakini imefifia, rangi zimemwagika nje ya mistari, sauti ina mvumo. Kwa hiyo kila tukio linaamuliwa peke yake: kama lipo kwenye ukanda wa filamu wa milimita 35, tumia huo, halipo, tafuta diski ya picha pana, halipo, rudi kwenye kopi ya kazi na uvumilie.

Mara nyingi tukio moja liko kwenye vyanzo viwili kwa urefu tofauti. Ukibadilisha chanzo katikati ya mwendo, mtazamaji anaona picha "inaruka": rangi inageuka, ukungu unaingia. Dawa ni kupeleka ungio kwenye mkato uliopo tayari, au kwenye mwendo wa haraka unaojaza fremu, halafu kulinganisha rangi pande zote mbili. Na ni afadhali kupunguza ung'avu wa kipande kizuri kidogo kuliko kulazimisha kibovu kipande juu.

Kuna tatizo la mwendo pia. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Kanda na diski za mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na Australia na kwetu pia, huiendesha kwa 25, hivyo filamu inakimbia kwa asilimia 4 na sauti inapanda kidogo. Mfumo wa NTSC, wa Marekani na Japani, hujaza fremu za ziada kufikia karibu 30. Ukichanganya vyanzo bila kwanza kuvirudisha vyote kwenye 24 halisi, sauti inaachana na picha ndani ya dakika chache, na mwendo uliochorwa mchoro kwa fremu unaanza kukwama. Yaani unaharibu kitu kile kile kilichogharimu miongo.

Sauti ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Huwezi kumnyamazisha mwizi wa 1995 kwa kuzima maneno yake tu, kwa kuwa maneno, muziki na vishindo vimechanganywa pamoja. Inabidi uirudie sauti ya kopi ya kazi, yenye muziki wa kuazima, au uchukue muziki alioutunga Robert Folk kwa nakala ya 1993 pale ambapo hakuna mtu anayeongea juu yake, uuweke upya, kisha uongeze vishindo kimoja kimoja. Sehemu kubwa ya urejeshaji huu, ukiitazama vizuri, ni kurudisha ukimya.

Mark 4 haikukimbia mapengo. Pale Williams alipoacha penseli, utaona penseli, na baadhi ya vipande vya Calvert vimeingizwa pale vinaposaidia hadithi. Utavijua: mwendo wake ni mzito, na nyuso zinabadilika umbo kidogo mtu akigeuka. Wapo mashabiki wasiotaka hata kipande kimoja cha Calvert. Siko upande wao. Mtazamaji mpya anahitaji kujua nani ameingia mlangoni.

Williams mwenyewe alikaa miaka mingi bila kutaka kuizungumzia. Filamu ya maelezo ya Kevin Schreck kuhusu kisa hiki, Persistence of Vision ya 2012, ilitengenezwa bila ushiriki wake. Lakini tarehe 10 Desemba 2013 alikuwepo Los Angeles wakati Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, ilipoonyesha kopi yake ya kazi, safi, kwa jina A Moment in Time, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa London. Hiyo ndiyo rasmi, na haipatikani kwa mtu wa kawaida. Alifariki Agosti 2019.

Kwa anayeanza: tazama Mark 4 kwenye skrini kubwa uwezavyo, maana kwenye simu yule wa pembeni anapotea tena. Ukifika kwenye ukimbizano wa kasri, punguza kasi hadi nusu. Kila mchoro unasimama wenyewe. Kopi ya kazi iliyovuja ije baadaye, kwa ajili ya penseli. Ya 1993 itazame ukitaka kujua Calvert aliongeza nini. Ya 1995 dakika tano zinatosha, na zichague kwenye mtambo wa vita, uone jinsi mtu mmoja anayepayuka anavyoweza kufunika kazi ya miaka ishirini na minane.